Dakika Nane: Kwa Mtunzi Mpya wa Dansi Anayejiandaa kwa Onyesho la Pamoja

Ukipokea barua ya kukubaliwa katika onyesho la kazi mpya za watunzi wa dansi wa jamii, utalitazama kwanza jina lako, kisha tarehe. Ningependa utazame pia jambo ambalo wengi wetu tuliliruka mara ya kwanza, nalo ni muda uliopewa. Mimi nilipewa dakika nane, nikatunga kazi ya dakika kumi na nne, nikiamini kwamba kazi ikiwa nzuri hakuna atakayeshika saa. Siku nne kabla ya onyesho mratibu alinipigia simu na kuniuliza, kwa upole mkubwa, ni dakika zipi sita ambazo ningependa kuziondoa mwenyewe. Nilizikata kwa pupa, usiku, mbele ya wachezaji waliokuwa wamezifanyia mazoezi kwa miezi miwili, na yule mchezaji ambaye sehemu yake iliondoka yote hakunilaumu, jambo lililoniumiza zaidi.

Katika onyesho la aina hii watunzi sita au wanane wanagawana jukwaa moja, fundi taa mmoja, fundi sauti mmoja, chumba cha kubadilishia mavazi ambacho hakitoshi, na hadhira ambayo imekuja kumwona jamaa au rafiki katika kazi ya mtu mwingine kabisa. Karibu kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia wazo lenyewe hadi aina ya kiatu, unagusa muda wa mtu mwingine, na mtunzi anayelijua hilo mapema hutunga kwa namna tofauti na yule anayeligundua jukwaani.

Anza na ukubwa wa wazo. Dakika nane hubeba jambo moja linalogeuzwa upande huu na ule mpaka lionekane vizuri. Hazibebi maisha ya bibi yako tangu kuzaliwa kwake hadi mazishi. Ukitaka kutunga juu ya bibi yako, chukua namna alivyokuwa akiinuka kutoka kwenye kiti: mkono unaotafuta paja, pumzi inayovutwa kabla ya uzito kuhama, na zile hatua mbili ndogo za kwanza ambazo si mwendo bado. Hapo pana dansi nzima, na mchezaji yeyote mwenye magoti anaweza kuifanya kwa ukweli.

Nasema hivyo kwa sababu kikundi chako huenda kikawa na watu wa kila aina: aliyesomea dansi miaka kadhaa, kijana anayejifunza kwa kutazama video, mama anayetoka kazini jioni, na mtu mzima ambaye hajawahi kupanda jukwaani. Usilione hilo kuwa upungufu wa kufichwa. Tarehe 6 Julai 1962, kundi la wasanii vijana waliotokana na darasa la utunzi la Robert Dunn, miongoni mwao Yvonne Rainer na Steve Paxton, walionyesha kazi zao katika kanisa la Judson Memorial jijini New York, na katika kazi za kundi hilo kutembea, kukimbia na kukaa vilihesabiwa kuwa dansi sawasawa na miruko iliyofunzwa kwa miaka. Mlango huo haujafungwa tangu wakati huo. Mtunzi wa jamii anaupitia kila wiki, hata kama hajui ni nani aliyeufungua.

Katika kazi yangu ya pili nilikuwa na mzee mmoja ambaye nilimpa mzunguko wa mguu mmoja uliomshinda kwa majuma matatu. Kila alipoufikia alikaza taya, akahesabu kwa midomo, na mwili wake wote ukageuka kuwa mtihani. Jioni moja alisimama katikati ya sakafu akasema, “Mwalimu, naomba hapa nitembee tu.” Nilimwambia, “Haya, mzee, tembea.” Akatembea hatua tano kuelekea pembeni, akasimama, akageuza kichwa polepole kana kwamba ameitwa na mtu asiyemwona. Wenzake waliokuwa wakizunguka nyuma yake ghafla walipata maana, kwa kuwa sasa kulikuwa na mtu mmoja asiyezunguka. Tangu siku hiyo, mchezaji akishindwa hatua mara tatu, huwa najiuliza kwanza kama kosa limo katika hatua yenyewe.

Kuhusu mazoezi, fanya hesabu ya kweli kabla ya kuahidi chochote. Kwangu mimi dakika moja iliyokamilika imekuwa ikila saa tatu hadi nne za mazoezi, na wachezaji wa kujitolea hawafiki wote kwa pamoja zaidi ya nusu ya vipindi. Kwa hiyo tunga sehemu ambazo watu wawili au watatu wanaweza kuzifanyia kazi bila wengine, na uziache zile za kundi zima kwa siku ambazo umehakikishiwa mahudhurio. Rekodi video ya mazoezi ukiwa umesimama nyuma ya wachezaji, ili aliyekosa ajifunze nyumbani bila kugeuza kulia kuwa kushoto kichwani mwake. Anza kwa wakati na umalize kwa wakati. Mchezaji aliyeachiwa saa mbili kamili kama mlivyokubaliana atarudi, na yule anayecheleweshwa kila mara kwa “mara moja tu tena” atapata udhuru kufikia wiki ya tano.

Muziki huleta matatizo mawili ambayo watunzi wapya huyachanganya. La kwanza ni ruhusa: kununua wimbo kwa ajili ya kusikiliza hakukupi haki ya kuutumia mbele ya hadhira, kwa hiyo muulize mratibu mapema ni vibali gani ambavyo ukumbi tayari unavyo na ni vipi unavyopaswa kuvitafuta mwenyewe, hasa kama onyesho litarekodiwa na kusambazwa. La pili ni utegemezi. Ukizima muziki na dansi yako ikaanguka, basi dansi haijatungwa bado. Mtunzi wa dansi Merce Cunningham na mtunzi wa muziki John Cage walifanya kazi kwa miongo mingi wakiacha dansi na muziki vitungwe kila kimoja peke yake, vikikutana katika muda tu. Huna haja ya kuwafuata hadi huko, lakini pitisha kazi yako yote katika ukimya walau mara moja kila wiki, usikilize nyayo na pumzi, na utagundua mahali ambapo wachezaji walikuwa wakibebwa na ngoma bila wao wenyewe kujua wanakwenda wapi.

Kwa kuwa tumegusa haki, tunza pia ya kwako. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki uliofanywa mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, unazitaja kazi za koreografia, yaani utunzi wa dansi, miongoni mwa kazi zinazolindwa, ila nchi nyingine, kama Marekani, hutaka kazi iwe imewekwa katika umbo la kudumu, iwe kwa video au kwa maandishi. Rekodi moja safi ya kazi nzima, yenye tarehe na majina ya wote walioshiriki, inatosha kuanzia. Na kama hatua fulani zilizaliwa na wachezaji wako, waandike katika programu ya onyesho kwa kazi hiyo. Hakuna kinachochacha haraka katika kikundi kama sifa iliyoliwa na mmoja.

Sasa nifike kwenye zoezi la kiufundi, mahali ambapo nimeona kazi nzuri nyingi zikiharibika kuliko mahali pengine popote. Huenda ukapewa dakika ishirini au thelathini jukwaani pamoja na mafundi, na hizo ni zao zaidi kuliko zako. Mara yangu ya kwanza nilizitumia kurekebisha kifundo cha mkono cha mchezaji mmoja. Nilikisahihisha kweli, kikawa kizuri sana, na muda ulipokwisha tulikuwa tumeweka mabadiliko mawili ya taa kati ya tisa. Usiku wa onyesho giza liliingia wachezaji wakiwa bado wanatembea, hadhira ikadhani tumemaliza ikapiga makofi, kisha taa zikawaka tena juu ya watu sita wenye aibu. Fundi hakuwa na kosa lolote. Alikuwa akisoma karatasi yangu, na karatasi yangu ilikuwa imeandikwa “taa zibadilike kwa huzuni.”

Karatasi ya taa inapaswa kueleweka kwa mtu ambaye hajawahi kuiona kazi yako. Sasa ninaandika hivi: “Taa ya nne: mchezaji wa vazi la kijani anapogusa sakafu kwa kiganja cha kushoto, mwanga wa pembeni uongezeke kwa sekunde tano, wa mbele ushuke.” Kila badiliko limefungwa na tendo linaloonekana au sauti inayosikika, halitegemei hisia. Omba mabadiliko machache. Matano yanayotokea mahali pake ni bora kuliko kumi na mawili yanayokimbizana. Na ukiruhusiwa kuomba aina moja tu ya mwanga, omba wa pembeni, kwa kuwa mwanga wa mbele pekee huufanya mwili uonekane bapa kama picha iliyobandikwa ukutani, ilhali wa pembeni huchonga misuli na kuonyesha umbali kati ya mchezaji na mchezaji. Jean Rosenthal, aliyeitengenezea taa kampuni ya mtunzi wa dansi Martha Graham kwa miaka mingi, ni miongoni mwa waliouimarisha mwanga huo hata ukawa desturi katika kumbi za dansi.

Kabla ya siku hiyo wafundishe wachezaji namna ya kuwa katika zoezi la kiufundi: kusimama kwenye alama, kukaa kimya, kurukia mahali patakapotajwa bila kucheza yote yaliyotangulia. Alama za utepe sakafuni ziwe chache na za rangi uliyokubaliana na watunzi wengine, maana jukwaa lenye alama za watu wanane wa rangi moja halimwongozi mtu yeyote. Vaeni mavazi kamili. Suruali inayopendeza chumbani huenda ikanaswa chini ya kisigino katika mruko wa kwanza, na kitambaa cheupe mnachokiona cha heshima huenda kikapitisha mwanga wote.

Sakafu ikaguliwe kwa miguu, hata kama umetumiwa picha yake. Kama ni zege lenye zulia jembamba la plastiki juu yake, punguza miruko, kwa sababu goti na ugoko ndio watakaolipa, na soksi juu ya zulia hilo huteleza au hukwama kutegemea unyevu. Wachezaji wako wanaweza kungoja saa nzima nyuma ya pazia kabla ya zamu, kwa hiyo pangeni mtakavyopasha miili moto mara ya pili, katika nafasi ndogo na bila kelele.

Mpangilio wa kazi katika programu usiugombanie. Mara nyingi huamuliwa na mambo ya kawaida kabisa, kama vile mchezaji anayehitaji dakika kumi kubadilisha vazi au viti vinavyopaswa kuondolewa.

Baada ya onyesho watu watakuambia kazi ilikuwa nzuri, na hilo halitakufundisha chochote, ingawa unastahili kulifurahia. Kama kutakuwa na mazungumzo na hadhira, muombe mratibu atumie utaratibu wa hatua nne uliobuniwa na mtunzi wa dansi Liz Lerman: watazamaji husema kwanza kilichowagusa, kisha mtunzi huuliza maswali yake, kisha watazamaji huuliza maswali yasiyobeba hukumu ndani yake, na mwishoni kabisa hutoa maoni, tena kwa idhini ya mtunzi. Andaa maswali yako nyumbani. “Mliionaje?” haliulizi kitu, “mlijua wakati gani kwamba yule mwanamke haondoki?” litakupa jibu la kufanyia kazi.

Ondoeni alama zenu sakafuni kabla ya kwenda zenu, washukuruni mafundi kwa majina, na usiifungue video usiku huo. Ngoja wiki moja. Kisha itazame peke yako, mara ya kwanza sauti ikiwa imezimwa, ukiwa na karatasi na saa, uandike dakika na sekunde ya kila mahali ambapo jicho lako limeondoka kwenye skrini.