Leseni ya kubeba watalii: maandalizi fanya masika

Nimebeba watalii kutoka Arusha kwa miaka kumi na minne, na leseni yangu iliwahi kukaa siku tisa imeisha bila mimi kujua. Nilijulia Makuyuni, mwezi wa saba, msimu umeshika moto. Afande wa kike alisimamisha gari, akanisalimia vizuri, akaitazama kadi, akaigeuza, akairudisha tena upande wa kwanza.

"Baba, hii imeisha tarehe mbili."

Nyuma nilikuwa na wageni wanne, tunakwenda Ngorongoro. Faini nililipa, wala si hiyo iliyoniuma. Gari halikuruhusiwa kuondoka mimi nikiwa kwenye usukani. Tulikaa chini ya mgunga zaidi ya saa mbili kumsubiri dereva mwenzangu atoke mjini. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza kwa upole: kama tungepata ajali asubuhi ile, bima ingelipa? Sikuwa na jibu. Leseni ikishakufa, kampuni ya bima ina pa kushikia kukataa madai, na wewe umebeba roho za watu.

Kinachotuponza ni urefu wa muda. Zamani leseni ilikuwa ya miaka mitatu kwa shilingi 40,000. Tangu Julai 2019 ni miaka mitano, shilingi 70,000. Miaka mitano ni mingi, mtu unasahau kabisa.

Kwa mdogo wangu unayeanza, angalia daraja la leseni kwanza. D ni ya gari lako la nyumbani. Land Cruiser ya safari yenye wageni sita inataka C2, yaani abiria wanne hadi kumi na tano. Hiyo huipati kwa kuruka: uwe umekaa na D miaka mitatu, na uwe na cheti cha mafunzo ya kuendesha magari ya abiria kutoka chuo kinachotambulika, kama NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Dar es Salaam, au VETA, vyuo vya ufundi stadi. Vishoka watakuambia cheti kinapatikana kwa siku mbili. Mwenzangu alimwamini mmoja, akatoa hela yote kwa mkupuo, cheti kilipohakikiwa kikaonekana hakipo. Hela haikurudi, na kazi aliyokuwa ameahidiwa akapewa mwingine. Nenda darasani. Mle nilijifunza hesabu ya umbali wa kusimama kwenye barabara ya vumbi, na imeniokoa zaidi ya mara moja kule Serengeti.

Kuhuisha kwenyewe si kugumu: unajaza maombi, unapata namba ya malipo, unalipa, unapigwa picha na kuweka alama za vidole. Ugumu uko kwenye vitu vidogo vinavyokwamisha. Jina langu la kati kwenye kitambulisho cha NIDA lilikuwa limekosa herufi moja, mfumo ukakataa. Kurekebisha herufi hiyo kulinila wiki tatu. Chukua NIDA, TIN (namba ya mlipakodi) na leseni, ziweke mezani pamoja, usome herufi kwa herufi. Angalia pia kama unadaiwa faini za tochi, yaani kamera za polisi za kupima mwendo. Gari la kampuni linaendeshwa na watu wengi, na deni la mwenzako linaweza kuwa linakusubiri wewe.

Halafu macho. Hapa nawasihi wenzangu mliovuka arobaini. Mimi namwona duma juu ya kichuguu kabla mgeni hajainua darubini, kwa hiyo nilijiona mzima. Daktari akanipa karatasi yenye maandishi madogo nisome. Nikaisogeza mbali, nikaisogeza mbali tena, mpaka mkono ukaisha. Ndipo nikaelewa kwa nini nilikuwa nawaomba vijana wa getini wanisomee kibali. Miwani ya kusomea nimenunua, na spidi kwenye dashibodi sasa naiona bila kubahatisha.

Mambo hayo yote, majina, faini, macho, yamalize Aprili na Mei, kambi nyingi zikiwa zimefungwa na gari liko gereji. Siku ya kulipia ikifika, unakuwa umebakiza picha na vidole tu. Tarehe yangu nimeiandika kwa kalamu nyekundu nikaibandika kwenye kikinga jua, juu kidogo ya usukani. Mke wangu naye anayo kwenye simu yake.