Orodha ya Chakula Isilale Mfukoni mwa Mtu Mmoja

Kijana mmoja wa Micheweni, Pemba, kaniandikia: "Mwalimu, nimetiwa kwenye kamati ya kugawa chakula cha msaada shehiani kwetu. Naogopa dhulma. Nifanye nini?" Suali lake limenikosesha usingizi, maana kazi hiyo niliifanya na nikatoka na jina limechafuka.

Masika yalikuwa yameangusha nyumba nyingi kwetu. Msaada ukaja: mchele, unga wa ngano, sukari na mafuta. Mie nikafanywa mwandishi wa kamati kwa kuwa nasomesha skuli. Mkubwa mmoja wetu akaja na orodha ya kaya imeshaandikwa, nikaipitisha macho juu juu, nikatia saini. Siku ya kugawa akaja mjane anayelea wajukuu wanne; jina lake halimo. Lililomo ni la mzee tuliyemzika Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mie mwenyewe nilishuka kaburini kumpokea, na mbele ya jina lake pana dole gumba! Nikaona haya kumfedhehesha mtu mzima mbele za watu, nikanyamaza. Polo mbili za mchele zikaishia kwenye nyumba yenye duka.

Watu walipolalamika, saini iliyoonekana ni yangu. Sikuchukua hata kibaba, wallahi, na mpaka leo yuko jirani hanijibu salamu.

Msaada wa pili nilikataa kushika kalamu mpaka orodha isomwe kwa sauti uwanjani skuli, wanawake na wanaume wakiwepo. Majina matatu yaliondoka palepale: wawili wamekufa, mmoja keshahamia Unguja. Hakuna aliyebisha, kwani wote walikuwa wanasikia. Yule mjane aliandikwa, na fungu lake nilimbebea mwenyewe hadi kwake.

Pensheni Jamii, ile fedha ya Serikali kwa wazee wa Zanzibar, ilipoanza mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, sharti kubwa lilikuwa umri: miaka 70. Umri unaonekana kwenye kitambulisho. Chakula cha msaada sharti lake ni "mwenye shida", na neno hilo kila mwenye kalamu hulivuta kwa nduguze. Ndiyo maana nasema isomwe kwa sauti. Kila anayepokea aje na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na anayemchukulia mgonjwa aandikwe jina lake yeye. Mchele upimwe kwenye mizani mbele ya watu. Tena narudia, isomwe kwa sauti.

Na wewe unayepokea kwa jina la maiti, unawalisha wanao haki ya yatima. Sisi tunaokuona tukanyamaza tumekula nawe sahani moja. Kuona haya kusituzuie kusema.

Kijana wangu, kabla ya siku ya kugawa muombe sheha, mkuu wa shehia yenu, nakala ya orodha, uipitie jina kwa jina na mama yako, maana kina mama ndio wanaojua nyumba gani haijapika. Ukinyimwa nakala, usitie saini.