Mume wangu anasema ninamdhalilisha kwa kubana matumizi

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Igogo, hapa Mwanza. Mume wangu ni mchuuzi wa dagaa Mwaloni, Kirumba. Kuna wiki anarudi na fedha nzuri na kuna wiki anarudi mikono mitupu. Nimejitahidi kupunguza gharama za nyumba: bomba lililokuwa likivuja nimelitengeneza mwenyewe, maharage napikia kwenye kikapu cha kutunza joto, na nguo tunafulia ziwani pamoja na watoto ili bili ya maji ishuke. Badala ya kufurahi, mume wangu amekasirika. Anasema majirani watadhani ameshindwa kutunza familia yake, na mama mkwe ameniita bahili. Je, niache?
Mama Watatu, Igogo

Marahaba, mwanangu. Usiache, isipokuwa jambo moja ambalo nakuomba likome leo hii, nalo ni kuwapeleka watoto kufulia ziwani. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji ya kina kifupi ufukweni, hasa penye majani, na hupenya ngozi ya mtu katika dakika chache tu bila yeye kuhisi chochote. Mtoto anayesimama majini hadi magotini akisuuza mashuka ndiye hasa anayevipata, na madhara yake kwenye utumbo na ini yanaweza kujitokeza baada ya muda mrefu. Wapeleke wote watatu kituo cha afya wapimwe, na wewe mwenyewe upimwe, kwa sababu dawa ya praziquantel ipo na inatibu. Fedha uliyookoa kwenye bili ya maji haiwezi kulingana na gharama ya ugonjwa huo. Ikitokea siku mabomba yamekauka na hamna njia nyingine ila maji ya ziwa, basi yakae kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili kamili kabla ya kuyafulia au kuyaogea, kwa kuwa vijidudu hivyo hufa vikikosa mwili wa kuingia. Kwa kunywa bado lazima yachemshwe. Kumbuka pia kwamba anayekwenda kuyachota huwa ameingia majini, hivyo hata hilo lisiwe jambo la kila wiki.

Maji ya kufulia yatafute juu ya paa lako. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya bati hutoa lita 1 ya maji. Kwa hiyo paa la mita 6 kwa 8, likipata mvua ya milimita 10, hutoa karibu lita 480, na hata zikipotea kiasi bado unabaki na zaidi ya ndoo 20. Kwa kuanzia si lazima gata za nyumba nzima. Gata ya upande mmoja unaoelekea uani na pipa moja vinatosha. Acha maji ya mwanzo yapite kwa sababu yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege, kisha funika pipa kwa kipande cha chandarua kilichochakaa ili mbu wasipate mahali pa kuzalia.

Kuhusu bomba, ulifanya vyema kabisa, na nataka ujue ni kiasi gani uliokoa ili uweze kumweleza mume wako. Kwa bomba lolote linalovuja, weka chini yake chupa ya nusu lita na uangalie saa. Ikijaa kwa nusu saa, basi kwa siku zinapotea lita 24, na kwa mwezi lita 720, ambazo ni ndoo 36 za lita 20. Kipande cha mpira kinachokomesha hasara hiyo huuzwa bei ndogo katika duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Kikapu chako nacho nakiunga mkono, ila kwa sharti la usalama. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na mchemko wa nguvu tu, wala si joto la wastani linalobaki kikapuni. Kwa hiyo yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mapya, kisha yachemshe kwa moto mkali kwa muda wa dakika 20 hivi. Baada ya hapo funika sufuria na usiifunue tena, iingize kikapuni na uiache kwa saa tatu au nne, halafu irudishe jikoni ichemke kabla ya kuunga. Sufuria iwe imejaa vizuri, kwa kuwa yenye chakula kidogo hupoa haraka. Kama umekuwa ukijaza vitambaa tu, jaribu pumba za mpunga, ambazo wakobozi wengi wa kanda yetu huzitupa: zishonee kwenye mifuko ya kitambaa, zitandike chini na pembeni kwa unene wa kiganja kizima, na mfuko mwingine uwe mto wa kufunikia juu. Kwa njia hiyo jiko la mkaa huwaka kwa muda mfupi tu, na mkaa unaobaki unaufunika kwa majivu au kuuzima kwa ajili ya jioni. Jiko hilo lisiingizwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi, kwa sababu hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

Kwenye umeme nakushauri mambo machache tu. Balbu ya wati 60 ukiibadilisha kwa ya LED ya wati 9, na ikawa inawaka saa tano kila usiku, unaokoa zaidi ya uniti 7 za LUKU kwa mwezi kwa balbu hiyo moja. Pasi ipigwe mara moja kwa wiki kwa nguo zote, badala ya kila asubuhi shati moja. Nyaya, soketi na mita usiziguse, mwanangu. Huko fundi aitwe na alipwe.

Sasa nije kwa mume wako, ambaye nadhani ana maumivu zaidi kuliko hasira. Kipato chake kinafuata mwezi wa angani. Siku za giza mitumbwi ya taa hutoka na dagaa hujaa Mwaloni. Siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika na mchuuzi hana cha kuuza. Mwanamume anayerudi bila kitu katika siku hizo, akakuta mkewe ameshika spana, ni rahisi kuona kwamba analaumiwa, hata kama hukusema neno. Ninavyokisoma, kosa lipo kwenye ukimya: umeanza mpango wa nyumba nzima bila yeye kuujua.

Zungumza naye wakati wa giza, fedha inapokuwapo, na si siku ambayo mfuko ni mtupu. Mwambie, “Baba watoto, naomba tupange pamoja namna ya kuvuka mbalamwezi,” kisha mwonyeshe hesabu ya bomba na ya mkaa. Kubalianeni kwamba kila giza mtanunua gunia zima la mkaa, kwa kuwa mkaa wa kupima kwa kopo hugharimu zaidi, pamoja na mchele, sabuni na uniti za LUKU za kufikia giza lijalo. Mwachie kazi ya gata na pipa, aichague na kuisimamia mwenyewe. Fedha inayookolewa ipewe jina mnalolijua nyote wawili, iwe ni ada ya shule au mtaji wa nyongeza wa dagaa, na daftari lake likae mahali anapoweza kulifungua wakati wowote.

Mama mkwe usibishane naye. Mwache mwanawe amweleze, na siku atakapokuja kuwatembelea mpikie chakula cha kutosha.

Shangazi