Hita ya gesi katika nyumba ya kuhamishika: majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Shikamoo fundi. Hapa Mafinga tumenunua nyumba ya kuhamishika iliyotumika kwa ajili ya walinzi wa shamba la miti. Hita yake iling'olewa, na fundi wetu anasema hita yoyote ya gesi itafaa. Ni kweli?

Marahaba. Si kweli, na naomba msimruhusu aanze kazi. Nyumba ya namna hiyo ni ndogo, dari yake iko chini na kuta zake zimezibwa ili joto lisitoroke, kwa hiyo hita inayovuta hewa ya chumbani hugombania pumzi na watu waliolala humo. Nchini Marekani, ambako nyumba hizi ni nyingi, kanuni za taifa zenye chimbuko la mwaka 1976 zinataka moto wa hita utenganishwe kabisa na hewa ya ndani: hewa ya kuchomea itoke nje, na moshi urudi nje kwa njia yake. Tafuteni hita ambayo kibandiko chake kinataja wazi kwamba imeundwa kwa nyumba za kuhamishika.

Kibandiko hicho hicho kitawaeleza ni gesi gani inayotumika. Hita ya gesi asilia haiunganishwi na mtungi kabla ya kubadilishwa nozeli, yaani kitundu kinachotolea gesi, na kurekebishwa presha, kwani gesi ya mtungi ina nishati nyingi zaidi, na moto uliozidishwa hutoa masizi na sumu. Kuna pia jambo ambalo mafundi wengi husahau: huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Mafinga iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kanuni inayotumiwa sana ya kupunguza asilimia 4 kwa kila mita 300, nguvu ya hita ya kawaida inapaswa kushushwa kwa moja ya tano au zaidi, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Makete kuna sakitu na wezi. Naweza kuweka mtungi ndani?

Hapana, mama yangu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya uvunguni mwa nyumba, hivyo hata uvungu usizibwe pande zote. Mtungi usimame wima nje, ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli na uwazi upande wa chini. Moto ukififia alfajiri, sababu yaweza kuwa butani, mojawapo ya gesi zinazojazwa mtungini, ambayo karibu na nyuzi 0 hukataa kugeuka mvuke. Usiupashe mtungi kwa makaa hata kidogo. Ulizia gesi yenye propani nyingi, ile gesi nyingine ya mtungini inayostahimili baridi.

Niko Uyole. Nitajuaje kama viungo havivuji?

Fungua gesi, hita ikiwa imezimwa, kisha paka povu zito la sabuni kwenye kila kiungo na usubiri. Niliwahi kupaka kiungo kilichokazwa kwa nguvu zote. Kwa muda hapakuwa na kitu, halafu kiputo kidogo kama punje ya ulezi kikachomoza, kikavimba, kikapasuka, na kingine kikafuata. Kiungo hicho kingepita ukaguzi wa macho. Usitumie kiberiti kamwe.

Tangu tuwashe hita, sisi sote hapa Njombe tunaamka na kichwa kinachouma, lakini hatusikii harufu.

Zimeni hita leo, fungueni milango, mtoke nje, kisha mwende hospitali na mueleze kwamba mmelala na hita ya gesi. Dalili hizo zinalingana na sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Mtu akizimia, mtoeni nje kwanza, kisha pigeni 114 kuita Zimamoto. Msiiwashe tena hita hiyo mpaka fundi akague bomba la moshi, na mnunue king'ora cha kaboni monoksaidi, mkiweke karibu na mnapolala.

Upepo ukizidi, naweza kuziba bomba la moshi kwa tambara?

Usizibe. Zima hita, jifunike blanketi, na asubuhi mwite fundi abadilishe kofia ya bomba.