Jodari wa saa nane mchana

Juzijuzi msomaji mmoja wa Dar kaniandikia: "Dada, nina ujauzito wa miezi minne, mama mkwe kanikataza samaki wote, eti wana sumu. Wewe mtu wa vyakula vya asili unasemaje?"

Zamani ningemjibu papo hapo, tena kwa kumrekodia sauti ya dakika saba. Safari hii ujumbe nimekaa nao siku tatu. Mwezi uliopita niliwalisha ndugu zangu kumi na mmoja samaki hapahapa Tanga, na sita nikawasindikiza zahanati. Kwa hiyo nitamjibu, lakini anivumilie kwanza.

Wanaonisoma tangu mwanzo wanajua nilikotoka. Mwaka 2021 nilikuwa na kilo 94 na presha ya kutisha. Asubuhi maandazi manne na chai ya sukari vijiko vitatu, mchana chipsi mayai, jioni soda ya kusindikizia ugali wa sembe nyeupe kama karatasi. Siku nesi alipopima akarudia, kisha akamwita mwenzake naye apime, niliogopa. Nikarudi kwenye chakula cha bibi yangu: muhogo na magimbi ya kuchemsha, dona, kunde, mbaazi, kisamvu, mchicha, nazi ya kukuna mwenyewe, machungwa ya Muheza ya kumenya na kula na nyama zake, si juisi ya boksi. Na samaki badala ya soseji.

Miezi mitatu ya kwanza sina la kusimulia, ni njaa na hasira tu. Mwaka ulipoisha kilo 14 zilikuwa zimeondoka, na daktari akanipunguzia vidonge kutoka viwili hadi kimoja. (Alipunguza yeye. Usije ukasoma hapa ukaacha dawa zako.)

Ila na kiburi nacho kilinenepa wakati mimi napungua, nakiri. Nikienda kwa watu nachungulia sufuria. Wifi yangu nimemwambia mbele ya wageni kwamba vile vidonge vya supu anavyotia kwenye mchuzi ni chumvi iliyovishwa karatasi. Alicheka siku hiyo. Kumbe alikuwa anaweka akiba.

Sasa hiyo Jumapili. Mwanangu kamaliza kidato cha nne, ndugu wanakuja, nimeahidi wali wa nazi na mchuzi wa jodari. Kawaida yangu kwenda soko la samaki la Deep Sea ni alfajiri, vyombo vya usiku vinapoingia, wachuuzi wenyewe bado wanagombania matenga. Siku hiyo nikachelewa kwa mambo ya nyumbani, nikafika saa nane mchana. Jua la Tanga la saa nane mnalijua. Jodari yuko juu ya meza ya mbao, barafu hakuna, jamaa anamwagia maji kwa kopo kila baada ya muda ili ang'ae. "Huyu wa leo leo, dada, damu bado inatoka." Nikafunua shavu: matamvua yameshageuka rangi ya kahawia. Niliyaona, jamani. Niliyaona kwa macho yangu. Lakini bei ilishashuka kutoka 9,000 kwa kilo hadi 6,000, na mimi nilikuwa najisikia mjanja kwa kupatana vizuri. Nikamtia kwenye kiroba, nikapanda bajaji, nikapitia Ngamiani kutafuta ukwaju na ndimu. Nyumbani akakaa kwenye sinki mpaka nazi zilipokwisha kukunwa. Sufuria imepanda jikoni karibu saa kumi na moja.

Mjomba ndiye wa kwanza kusema. "Mchuzi huu umetia pilipili nyingi, mwanangu." Pilipili sikutia hata moja, mama hali pilipili. Nikadhani utani. Dakika ishirini hazikufika, mjomba macho mekundu, uso unamwaka, moyo unamwenda mbio. Mara shemeji, kifua kizima mapele. Mara kichwa, mara tumbo. Wifi akiwa anajikuna shingo kwa mikono miwili akanitazama, akasema taratibu: "Kumbe cha asili ndicho hiki."

Zahanati walidhani mzio. Daktari, kijana mdogo tu, akauliza: watu sita wote wawe na mzio wa samaki, tena siku moja? Akataka kujua ni samaki gani, kanunuliwa saa ngapi, kakaa wapi. Akawapa dawa zilezile za mzio, kisha akanielimisha mbele ya waathirika wangu, na mimi nawapa nyie kama nilivyopewa.

Jodari, vibua, nguru, fulusi, hata dagaa, nyama yao ina kitu ambacho bakteria wakikipata kwenye joto hukigeuza kuwa histamini, kemikali ileile inayoleta dalili za mzio mwilini. Ikishajitengeneza haitoki. Uchemshe, ukaange, umrudishe kwenye friza, iko palepale. Na samaki anaweza asinuke wala asibadilike sura. Ndimu na tangawizi yangu yote ile ilikuwa kazi bure. Dawa ni moja: baridi, tangu anatoka majini mpaka anaingia sufuriani. Ule muwasho wa pilipili mdomoni ndio onyo lenyewe. Ukiusikia tema, usimalizie kwa aibu ya kutupa chakula.

Asubuhi wote walikuwa wazima. Lakini kwenye kundi la ukoo wifi alikwisha andika: "Bora soda yangu, haijawahi kunilaza kitandani." Watu ishirini na kitu wakaweka vicheko. Mpaka leo nikiifungua simu nauona ule ujumbe kama umeandikwa jana.

Nimefikiri sana. Miaka yote hii nilikuwa nawahubiria neno "asili" kana kwamba asili ni mama yetu mzazi. Muhogo mchungu ni wa asili, na usipoandaliwa sawasawa unaua. Mahindi ya dona yakiota ukungu yana sumukuvu, na mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa hiyo. Samaki bunju ni wa asili, mpishi hawezi kumtoa sumu kwa moto. Hata silikanti wetu, aliyefanya Tanga itengewe hifadhi ya bahari mwaka 2009, samaki wa kale kuliko wote tunaojivunia, nyama yake inaharisha. Kwa hiyo ndugu zangu, acheni uvivu wa kuamini neno! Mnasoma vibandiko vya makopo kwa miwani, mkifika kwa mchuuzi wa samaki mnafumba macho. Nendeni mapema. Funueni mashavu, yawe mekundu. Bonyezeni nyama, irudi. Mkiona mgongo umelegea kama umevunjwa na tumbo limevilia damu, huyo kavuliwa kwa baruti, mwacheni hata kama ni bure. Milio ya baruti baharini imepungua sana kuliko tulipokuwa wadogo, lakini macho yasilale. Bebeni ndoo na barafu. Barafu ya mia tano! Na nendeni mapema, nimeshasema, narudia.

Sasa wewe mdogo wangu wa Dar. Mama mkwe kapatia nusu. Wenye kuogopwa mimba ikiwepo ni samaki wakubwa wanaokula wenzao na kuishi miaka mingi: papa, nduaro, jodari na nguru majitu. Hao hujikusanyia zebaki mwilini, nayo huathiri ubongo wa mtoto tumboni, na kupika hakuiondoi. Wadogo kula, mara mbili tatu kwa wiki: changu, tasi, vibua waliolala kwenye barafu, dagaa walioanikwa kwenye kichanja na si mchangani. Waive vizuri. Muulize na mkunga wako kliniki, mimi si mkunga. Na mama mkwe usimjibu kwa kumsomea makala hii. Nakuomba. Mwambie tu utakula wadogo.

Mimi jodari nimemla tena wiki iliyopita, wa saa kumi na mbili asubuhi, kwenye ndoo ya barafu, nikampika kabla ya saa tatu. Mume wangu alinitazama nikila vipande viwili vya kwanza, ndipo akavuta sahani.

Jumamosi hii wifi katualika kwake Pongwe. Kaniambia kwa simu: "Njoo tu wifi yangu, ila usibebe kitu chochote cha kula." Nitakwenda, mikono mitupu. Ninachowaza tangu juzi ni akiniwekea soda mbele ya watu.