Je, rais wa Marekani huapishwa tarehe 20 Januari tangu zamani?

Hapana ndugu, tarehe hiyo ilianza kutumika mwaka 1937, Franklin Roosevelt alipoapa kwa muhula wa pili. Kabla ya hapo siku ya kawaida ilikuwa 4 Machi. Hata yeye mwaka 1933 aliapishwa Machi. Marekebisho ya 20 ya Katiba ndiyo yaliyoisogeza, maana miezi minne ya kumsubiri rais mpya ilikuwa mingi mno.

Na George Washington, rais wa kwanza, hakuapia Washington, mji huo haukuwepo bado. Aliapa New York, 30 Aprili 1789. Wa kwanza kuapishwa Washington ni Thomas Jefferson, 1801.

Wa kwanza kiapo chake kutangazwa redioni ni Calvin Coolidge, 1925, na aliyemwapisha ni Jaji Mkuu William Taft, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa rais. Lakini mimi kiapo chake cha 1923 ndicho kinanifurahisha zaidi: Rais Harding amefariki ghafla, Coolidge, makamu wake, yuko kwa baba yake kijijini Vermont, basi baba huyo, aliyekuwa mthibitishaji wa nyaraka, akamwapisha usiku wa manane kwa mwanga wa taa ya mafuta! Wa kwanza kuonyeshwa akiapa kwenye televisheni ni Harry Truman, 1949.

Mwanamke wa kwanza kumwapisha rais ni Jaji Sarah Hughes, 22 Novemba 1963, ndani ya ndege pale Dallas, saa chache baada ya Kennedy kuuawa. Aliyeapa ni Lyndon Johnson.