Kristo "amefufuka" au "alifufuka"?

Swali: Katika ibada ya Pasaka tunaitikiana "Kristo amefufuka", ilhali tukio lenyewe ni la kale. Je, si sahihi zaidi kusema "alifufuka"? Na tunapowafariji wafiwa, tuseme marehemu atafufuka au atafufuliwa?

Jibu: Amefufuka na alifufuka yote ni Kiswahili sahihi, ila hayafanyi kazi moja. Kiambishi -li- huliacha tendo katika wakati wake uliopita, na -me- hueleza tendo lililokamilika ambalo hali yake ingalipo. Ukiambiwa "mgeni amefika", unajua yupo, utamkuta. Vivyo hivyo "Kristo amefufuka" hubeba mambo mawili kwa pamoja: alitoka kaburini, na hadi sasa yu hai. Muumini anayesali asubuhi anasimama juu ya hilo la pili, kwa sababu anasema na aliye hai, hafanyi kumbukumbu tu. Kigiriki cha Paulo katika 1 Wakorintho 15:20 nacho kiko katika hali timilifu, yaani ile ya tendo lililokamilika ambalo hali yake ingalipo, hivyo "amefufuka" ya Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, inalingana nacho vizuri.

Kosa huingia pale mtu anapotaja siku: "Amefufuka siku ya tatu." Ukitaja wakati, tumia -li-, au -ka- ya masimulizi kama ilivyo katika Imani ya Mitume: akafa, akazikwa, siku ya tatu akafufuka.

Ukanushi ndio unaohitaji uangalifu zaidi. "Hakufufuka" hufunga mlango. Ndilo neno la Paulo anapowajibu waliokana kiyama ya wafu (1 Wakorintho 15:13). "Hajafufuka" huacha mlango wazi, maana -ja- hudokeza kwamba jambo lingali linatarajiwa. Kwa hiyo Mkristo husema wapendwa wake hawajafufuka. Silabi hiyo moja imebeba tumaini lote.

Kuhusu atafufuka na atafufuliwa, Biblia inatumia yote mawili. Martha anasema "atafufuka" (Yohana 11:24). Paulo anaandika "wafu watafufuliwa" (1 Wakorintho 15:52). Fufuka hutazama yule anayeinuka, bila kumtaja mtenda. Fufuliwa humdai mtenda, naye ni Mungu. Basi usiseme "atafufuka na Mungu" ukimaanisha kwamba Mungu ndiye atakayemwinua. Sema "atafufuliwa na Mungu". Kwa wafiwa napendelea fufuliwa, kwa kuwa inamwondolea marehemu mzigo wa kujiinua mwenyewe.

Ila faraja yenyewe mara nyingi huharibiwa na neno lililoachwa. Watu husema "usilie, atafufuka", wakidhani wanafuata 1 Wathesalonike 4:13. Aya ile haisemi msihuzunike ikaishia hapo. Inasema msije mkahuzunika kama wengine wasio na matumaini. "Kama" ndiyo inayoweka mpaka: kinachokatazwa ni huzuni isiyo na matumaini, si machozi. Mwache mfiwa alie, kisha umwambie: "Mungu atamfufua."

Angalia pia "basi" inayoanza 1 Wakorintho 15:58. Hiyo ni basi ya kuhitimisha hoja. Baada ya aya 57 za ufufuo, Paulo anageukia kazi: taabu yenu si bure katika Bwana. Anayeanza kusoma hapo pasipo yaliyotangulia husikia himizo la bidii tu, na sababu ya bidii hiyo inampita.